Seva Zizame kwenye Mafuta, Maji Yabaki kwa Watu

Anayepita Kariakoo au Kongowea akiinua macho kwenye nguzo za umeme hakosi kuona transfoma, lile sanduku la chuma lenye mapezi ubavuni. Ndani yake nyaya zimezama kwenye mafuta. Mafuta hayo hayapitishi umeme, lakini hubeba joto: yakipata moto hupanda, hupita kwenye mapezi, hupoa na kushuka tena. Hakuna anayeshangaa. Ila mtu huyohuyo akiambiwa kwamba kompyuta nayo huzamishwa kwenye mafuta ikiwa imewashwa, atadhani anataniwa.

Maji ya bomba huua kompyuta kwa sababu hupitisha umeme na kuleta shoti. Mafuta safi hayana tatizo hilo. Tena, kwa ujazo uleule, hubeba joto mara elfu moja na zaidi kuliko hewa.

Jambo hili lina umri. Mwaka 1985 kompyuta kubwa ya Cray-2 ya Marekani ilizamishwa katika kimiminika kiitwacho Fluorinert, na kupoozwa huko kukaipa jina la utani, Bubbles, yaani Viputo. Mwaka 2013 TSUBAME-KFC ya Taasisi ya Teknolojia ya Tokyo, iliyopoozwa kwa mafuta, iliongoza orodha ya Green500, ambayo hupima kazi inayofanywa kwa kila wati ya umeme.

Pwani ya Afrika Mashariki ina sababu zake za kulitazama hili. Seva za kawaida hutaka hewa ya ubaridi, na nje Dar es Salaam ikigonga nyuzi 32, viyoyozi havipumui. Vituo vingi vya data duniani hujisaidia kwa kuvukiza maji. Hayo ni maji matamu yanayopotea angani, na katika miji yetu mgao ukiingia ndoo hupanga foleni tangu alfajiri. Seva iliyozama hufanya kazi vizuri hata mafuta yakiwa na nyuzi 40. Kwa kuwa mafuta ni ya moto kuliko hewa ya nje, rejeta na feni hutosha kuyapoza, hata Februari. Na ile chumvi ya upepo wa bahari inayokula bodi haipati pa kuingilia.

Kazi yake si nyepesi. Fundi akiinua seva, hutoka ikichuruzika, na lazima aining'inize juu ya tangi hadi imalize kudondoka. Diski za kawaida zinazozunguka haziwezi kuzamishwa, plastiki za baadhi ya nyaya hukakamaa, na tangi zima la mafuta hudai kinga madhubuti ya moto. Vimiminika vya jamii ya Fluorinert navyo haviozi kwenye mazingira. Desemba 2022 kampuni ya 3M ilitangaza kuachana na kemikali za jamii hiyo ifikapo mwisho wa 2025. Pwani ichague mafuta.

Wanaotoa vibali vya vituo vya data wamtake kila mwombaji aeleze atatumia lita ngapi za maji kwa siku, na kwa nini asitumie mafuta. Mafundi wa kuanzia nao hawapo mbali. Wanaopima mafuta ya transfoma kujua kama yameingiwa na unyevu au uchafu wanafanya kazi hiyo leo, na ndio wa kuitwa kwanza.