Kichwa si Kipimo cha Presha

Mtu akishikwa na maumivu makali ya ghafla upande mmoja wa kichwa, jirani hangoji hata aketi: "Hiyo presha." Ataambiwa atafune kitunguu saumu, anywe maji ya ndimu, aache chumvi. Mwenye vidonge vya presha nyumbani atamgawia. Maneno haya utayasikia msibani, kwenye daladala, hata dirishani kwa muuza dawa. Ni imani potofu, na wanaoumia kwa ajili yake ni wengi.

Presha, kwa kawaida, haiumi. Mtu huishi na 160 kwa 100 miaka mingi, analima, anacheza ngoma, analala usingizi mzuri, huku mishipa ya figo, macho na ubongo ikichakaa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba karibu nusu ya watu wazima wenye presha hawajui kuwa wanayo. Ingekuwa inawauma kichwa, wangekwenda kupimwa zamani. Utafiti mmoja wa Norway uliochapishwa mwaka 2002 uliwafuatilia watu wazima zaidi ya 22,000, na waliokuwa na presha ya juu walielekea kuumwa kichwa kidogo kuliko wenzao. Kichwa huuma kwa presha pale inaporuka mno, kwenye 180 kwa 120 na kuendelea, na hapo ni dharura, si suala la kitunguu saumu.

Utajibiwa: "Lakini alipimwa, ikakutwa iko juu!" Ndiyo, kwa sababu maumivu yenyewe hupandisha presha, na hofu pia huipandisha. Mtu huyo apimwe tena ametulia, tena siku nyingine, kabla hajaitwa mgonjwa wa presha.

Upande mmoja huuma kwa sababu nyingi, na kila moja ina tiba yake. Kipanda uso hugonga kwa saa 4 hadi siku 3, kikija na kichefuchefu na kuchukia mwanga, na huwapata wanawake kama mara tatu ya wanaume. Yapo maumivu yanayochimba nyuma ya jicho moja kwa robo saa hadi saa 3, jicho likawa jekundu na kutoa machozi, mgonjwa akazunguka chumbani asipate pa kutulia; hayo hutulizwa kwa kuvuta oksijeni. Ipo neva ya uso inayopiga kama umeme, sekunde chache tu, ukiswaki au ukiguswa shavu. Wenye ugonjwa huu hung'olewa meno mazima, moja baada ya jingine, ilhali dawa yao ni kabamazepini, ileile inayotumika kwa kifafa. Na aliyevuka miaka 50, panja likimuuma na taya kuchoka anapotafuna, asikawie: mshipa wa panja uliovimba unaweza kumpofusha, na dawa ya kuliokoa jicho lake ipo.

Yote haya tunayafunika kwa neno moja, presha. Mama mwenye kipanda uso anakula bila chumvi na bado analala gizani kila mwezi. Akichoka, anageukia panadol. Akizimeza siku 15 au zaidi kwa mwezi, miezi mitatu mfululizo, vidonge vyenyewe vinaweza kuanza kumletea maumivu, naye anaongeza vingine.

Linalonikera zaidi ni hili la mwenye presha ya kweli. Huyu amefundishwa na mtaa mzima kwamba kichwa kitamwarifu. "Siku hizi kichwa hakiniumi, mwanangu, vile vidonge nimeviacha." Wangapi wamesema hivyo, kisha wakaamka mkono mmoja hauinuki na ulimi mzito? Vidonge hivyo havikuwa vya kichwa. Vilikuwa vya kuzuia kiharusi, na aliyeviacha hakuwa mkaidi, aliamini alichoambiwa na watu wanaompenda.

Wauza dawa, mnaoaminiwa kuliko wengi mnavyodhani, acheni kuitikia "presha" kabla ya kuuliza. Ulizeni yameanza vipi. Maumivu yaliyofika kilele ndani ya dakika moja, makali kuliko yote aliyowahi kuyapata mtu, huenda ni damu inayovuja kwenye ubongo. Vivyo hivyo shingo ikikakamaa, mdomo ukienda upande au maneno yakivurugika. Mgonjwa huyo asifungiwe vidonge kwenye karatasi akarudishwa nyumbani kulala. Apelekwe hospitali saa ileile, hata kama ni usiku wa manane na bodaboda ni moja.