Hazina za Nyumbani: Saa ya Safari

Juma hili twajibu barua ya mama mmoja wa Gasorwe, upande wa Muyinga. Marehemu mumewe, alipostaafu, alizawadiwa na mwajiri wake Mswisi saa ndogo ya mezani: kisanduku cha shaba chenye vioo, na juu yake mkono wa kubebea. Sasa haitembei. Mchuuzi mmoja kutoka Gitega amemwambia kuwa saa hiyo imekufa, lakini yu tayari kuinunua kwa bei ya sufuria kuukuu. Mama anahitaji karo ya mjukuu wake, naye mchuuzi atarudi Jumamosi. Anauliza: je, aiuze?

Mama yetu, kwanza uijue mali uliyo nayo. Hiyo huitwa saa ya safari. Fundi anayetajwa kuwa mwanzilishi wake ni Abraham-Louis Breguet, aliyezaliwa Neuchâtel, Uswisi, mwaka 1747, akafanyia kazi yake Paris. Jenerali Bonaparte alinunua moja kwake mwaka 1798, kabla ya kwenda vitani Misri. Saa yenye timazi husimama ikitikiswa. Hii huendeshwa na kamani, na mwendo wake hupimwa na gurudumu dogo la mizani. Ndiyo maana iliweza kusafiri.

Katika karne ya 19 Wafaransa ndio waliozitengeneza kwa wingi. Huko Uswisi, nyumba ya Courvoisier ya La Chaux-de-Fonds ilijulikana kwa saa za namna hii. Katika karne ya 20 zilitoka zile za Matthew Norman: usoni zimeandikwa London, kumbe mtambo ni wa Uswisi. L'Epée nayo ilianza Ufaransa mwaka 1839, na leo hutengeneza saa zake Delémont, Uswisi. Kwa hiyo usiridhike na jina la usoni tu. Fungua kijimlango cha nyuma, utazame alama na nambari zilizochongwa kwenye mtambo, kisha uziandike kwenye daftari. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Kusimama kwa saa si kufa kwake. Mara nyingi mafuta yamekauka, au vumbi limeingia katika meno ya magurudumu. Mpelekee fundi saa anayeaminika, ukae naye anapoifungua. Usikubali abadilishe uso wala mtambo, maana wakusanyaji huthamini saa yenye viungo vyake vya asili, pamoja na ufunguo na kasha lake. Usiitie mafuta ya kupikia. Usiisugue kwa majivu wala limau, kwani huenda shaba hiyo imepakwa dhahabu, nayo ikitoka hairudi. Ipanguse kwa kitambaa laini kilicho kikavu. Ikipona, itie ufunguo polepole, siku ileile kila juma; nyingi za aina hii huenda siku nane. Mshale mfupi ukielekea 7 asubuhi, nyumbani mwako ni saa moja.

Sasa tujibu swali lenyewe. Si kila saa ya safari ni utajiri. Zile za karne iliyopita zilitengenezwa nyingi, na bei yake hutofautiana sana na ya kazi ya fundi wa zamani. Lakini anayedai kuwa kitu kimekufa, kisha akafunga safari ya pili kukifuata, ameona uhai ndani yake. Jumamosi mwambie asubiri. Tafuta makadirio ya watu wawili au watatu wasiojuana, ndipo uamue.

Kuuza zawadi ya marehemu ili mtoto asome si aibu. Huenda naye angefanya hivyo. Aibu ni ya mwenye kukunyang'anya kwa maneno matamu. Ukiuza, uza ukijua. Na ukiiweka, mfundishe mjukuu wako kuitia ufunguo.