Zimwi la Kabatini na Zimwi la Machimboni

Hofu ni mali ya wanadamu wote, wala hapana taifa lisilokuwa na mazimwi yake. Wazee wa Usukuma husimulia habari za Shing'weng'we, zimwi lililomeza watu na mifugo, mpaka kijana Masala Kulangwa alipoliua na kulipasua tumbo, waliomezwa wakatoka wakiwa hai. Wazungu wanaye Dracula, kabaila afyonzaye damu, aliyepata umaarufu kwa riwaya ya Bram Stoker iliyochapwa mwaka 1897. Wajapani nao walimchukua Dracula huyo huyo wakamtia katika mashine: tarehe 26 Septemba, 1986, kampuni ya Konami ilitoa mchezo wa video uitwao Akumajō Dracula, ambao nje ya Japani hujulikana kwa jina la Castlevania.

Katika mchezo huo, shujaa Simon Belmont hupanda ngome ya kale akiwa na mjeledi, akipambana na popo, mifupa itembeayo, Kifo mwenyewe, na mwisho Dracula. Avunjapo mishumaa ya ukutani, mara nyingi huokota mioyo midogo, na mioyo hiyo ndiyo malipo ya silaha zake za ziada. Wapo watu wazima huko Japani, Ulaya na Marekani ambao hukusanya kila kinachohusu mchezo huo kwa bidii ile ile ya wakusanyaji wa stempu: diski na kaseti za asili, masanduku ya karatasi, vijitabu vya maelezo, santuri za muziki na sanamu za mazimwi.

Msomaji wa Shinyanga au Geita ana haki ya kuuliza: Haya yatuhusu nini sisi wa nchi ya almasi na dhahabu? Maoni yangu ni kwamba yatuhusu sana. Mkusanyaji huyo hununua vitu vya kutisha, na katika eneo letu pia wapo walionunua vitu vya kutisha. Tofauti iliyopo kati ya wanunuzi hao wawili ni somo ambalo kila shule ya sekondari ingefaa kulifundisha.

Thamani hutoka wapi?

Nilipokuwa masomoni ng'ambo niliwahi kuwasikiliza wakusanyaji wa namna hiyo wakibishana. Jambo lililonishangaza ni ukali wao katika kudai ushahidi. Kitu kilitengenezwa mwaka gani? Na nani? Sanduku ni la asili au la kughushi? Kimepitia mikono ya nani? Mkusanyaji anafahamu vyema kwamba sanduku lake ni karatasi tu, na kwamba bei yake inatokana na uhaba, historia na makubaliano ya watu. Hadhani hata kidogo kwamba sanamu ya Dracula iliyomo kabatini itamletea wateja dukani au kumwonyesha mahali penye hazina. Zimwi lake lina jina, lina tarehe, na linajulikana kuwa ni kazi ya msanii.

Sasa tumtazame mnunuzi wa pili. Kuanzia miaka ya 2006 na 2007, mikoa ya Kanda ya Ziwa ilikumbwa na mauaji ya watu wenye ualbino. Viungo vyao viliuzwa kwa madai kwamba vingeleta dhahabu kwa mchimbaji, samaki kwa mvuvi na utajiri kwa mfanyabiashara. Mwezi Januari 2009 Waziri Mkuu Mizengo Pinda alitangaza kufuta leseni za waganga wa jadi. Mwezi Septemba mwaka huo huo, Mahakama Kuu iliyoketi Kahama iliwahukumu watu watatu kunyongwa kwa kumwua mtoto mwenye ualbino wilayani Bukombe, iliyokuwa wakati huo katika Mkoa wa Shinyanga na ambayo tangu 2012 imo katika Mkoa wa Geita. Watoto wengi waliondolewa makwao wakapelekwa kulindwa katika vituo kama Buhangija, mjini Shinyanga. Kadhalika, tangu zamani kabla ya hapo, vikongwe wa Usukuma wamekuwa wakiuawa kwa kushukiwa uchawi, na aghalabu ushahidi uliotolewa dhidi yao ni wekundu wa macho.

Mnunuzi huyu wa pili hakuuliza hata swali moja kati ya yale ya mkusanyaji. Hakudai tarehe, wala jaribio, wala hesabu ya waliofanikiwa na walioshindwa. Mioyo ya mchezoni hutoka katika mishumaa. Biashara hii ilitoa bidhaa zake katika miili ya watoto.

Dhahabu haina masikio

Miamba ya Geita yenye dhahabu ina umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5. Maji ya moto yaliyobeba dhahabu pamoja na salfa yalipita katika nyufa chini ya ardhi. Yalipokutana na miamba yenye chuma kingi, salfa iliungana na chuma, nayo dhahabu ikashindwa kubaki majini, ikajitenga na kuganda mwambani. Kazi hiyo ilikwisha kabla mwanadamu wa kwanza hajazaliwa. Hapana dawa ya leo iwezayo kuuhamisha mshipa wa dhahabu hata kwa unene wa ukucha.

Mbona basi mchimbaji mwenye akili timamu huamini? Jibu limo katika hesabu. Dhahabu haikusambaa sawasawa mwambani. Shimo moja laweza kuwa tajiri na la jirani likawa tupu. Tuseme wachimbaji 100 wamenunua dawa, na 10 kati yao wakapata dhahabu. Hao 10 watasimulia mpaka kijiji cha tatu. Wale 90 watanyamaza kwa aibu, au wataambiwa kwamba wamevunja mwiko. Lakini tukihesabu wachimbaji wengine 100 wasionunua dawa yoyote, tukakuta 10 kati yao pia wamepata, basi tumekwisha kujua nguvu ya dawa ile: ni sifuri. Ndugu mwalimu wa hisabati, mfano huu watosha kwa kipindi kizima cha uwezekano.

Ualbino nao si fumbo. Ni hali ya kurithi, ambayo mwili hushindwa kutengeneza vya kutosha ile rangi ya ngozi, nywele na macho iitwayo melanini. Mtoto huzaliwa na hali hiyo arithipo jeni yenye kasoro kutoka kwa baba na kwa mama pia. Wazazi wote wawili wakiwa wabebaji, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuleta mtoto mwenye ualbino. Kwa makadirio yanayotumiwa sana nchini, mtu 1 kati ya 1,400 hivi ana hali hii. Mwanafunzi wa kidato cha tano akitumia kanuni ya Hardy na Weinberg ataona kwamba, ikiwa ndivyo, wabebaji ni karibu mtu 1 kati ya 19. Maana yake ni kwamba katika darasa la wanafunzi 40 tutegemee wawili hivi wenye kubeba jeni hiyo bila wao kujua. Aliyedhaniwa kuwa kiumbe wa ajabu ni ndugu yetu wa damu kwa hesabu.

Macho mekundu ya bibi nayo yana historia. Wakati wa utawala wa Waingereza, misitu mingi ya Shinyanga ilifyekwa ili kuangamiza mbung'o. Watu na mifugo wakaongezeka, miti ikazidi kupungua, hata jiko likawashwa kwa mabua na samadi kavu. Mwanamke aliyepika miaka 50 katika moshi wa namna hiyo hawezi kuwa na macho meupe. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulioanza mwaka 1986, ulifufua ngitili, yaani malisho na miti ya akiba, na hivyo kuni zikaanza kurudi karibu na nyumba. Mti wa ngitili na jiko lenye dohani ni ulinzi wa kikongwe, sawa na sheria.

Tufanye nini?

Wapo watakaosema kwamba michezo ya mazimwi ndiyo inayowafundisha vijana ushirikina, na kwamba yafaa ipigwe marufuku. Siwadharau, maana mtoto mdogo hana budi kulindwa na picha za damu. Lakini hoja yao haitoshi. Mauaji ya vikongwe yalikuwapo Usukuma kabla mchezo wa kwanza wa video haujatengenezwa. Nayo hadithi ya Shing'weng'we haikumdhuru mtoto yeyote, kwa sababu msimulizi na wasikilizaji walijua kuwa ni hadithi. Hofu ya kutungwa ni salama maadamu inajulikana kuwa imetungwa.

Napendekeza hivi. Kila klabu ya sayansi katika shule za Shinyanga na Geita ianzishe daftari na kabati la makusanyo. Katika kabati wakusanye vipande vya miamba, kila kimoja na kibandiko cha mahali na tarehe. Katika daftari wakusanye madai ya kutisha yanayosemwa mitaani na machimboni, kwa nidhamu ile ile ya mkusanyaji: nani aliona kwa macho yake, lini, wangapi walijaribu, wangapi walishindwa, maelezo mengine yaweza kuwa yapi. Jina la mtu anayeshukiwa lisiandikwe kamwe, wala mwanafunzi asitumwe kwa mganga. Na habari yoyote ya kutishia maisha ipelekwe mara moja kwa mwalimu na polisi. Makumbusho ya Wasukuma pale Bujora, karibu na Mwanza, yameonyesha kwamba hata vifaa vya uganga vyaweza kuwekwa mbele ya watu, vikaelezwa na kuheshimiwa, bila kumdhuru yeyote.

Katika hadithi ile ya Wasukuma, Masala Kulangwa alipokuwa akilipasua zimwi, alimkata kikongwe mmoja sikio kwa bahati mbaya. Kikongwe akakasirika, akataka kumroga. Kijana hakuchukua panga. Alitafuta dawa akamtibu lile jeraha. Wahenga waliotuachia hadithi hii walikwisha kutuonyesha namna ya kumtendea kikongwe anayeogopwa. Walimu na wanafunzi, tuanze muhula huu: daftari moja kwa kila klabu, na kipindi kimoja cha hesabu ya wachimbaji 100.