Akiba haiozi, hata ndani ya kompyuta

Kila Jumapili gazeti hukufikia likiwa limebeba habari kutoka pembe zote za nchi. Ndovu wamevamia mashamba Taita. Mto umevunja kingo zake Budalang'i. Chifu amemwaga chang'aa huko Murang'a. Je, umewahi kujiuliza ni nani anayeziandika habari hizo, na akishamaliza kuziandika hufanya nini?

Wengi hudhani ni mtu aliyeketi katika jumba refu lenye lifti. La hasha! Aghalabu ni mtu mmoja katika mji mdogo, mwenye daftari, simu na kompyuta kuukuu iliyokwisha kutumiwa na watu wawili kabla yake. Wengi wa waandishi hawa hawana mshahara. Hulipwa kwa kila habari iliyochapishwa, na ile isiyochapishwa ni hasara yao na nauli yao.

Mmoja wao ni mwenzetu anayeishi Wundanyi, ule mji wa baridi ulio juu ya vilima vya Taita. Aliianza kazi hii wakati habari ilipokuwa ikisomwa kwa simu, neno kwa neno, huku mtu wa Nairobi akiipiga chapa na kuuliza, "Rudia hapo, ni Mwatate au Mwatunge?" Picha ndizo zilizokuwa na taabu zaidi. Filamu ilitiwa katika bahasha, ikakabidhiwa utingo wa basi la usiku, naye mwandishi akalala akimwomba Mungu basi hilo lisiharibikie Mtito Andei.

Baadaye ikaja faksi, kisha kompyuta, kisha simu ya mkononi ambayo hupiga picha na kuituma kabla chai haijapoa. Kazi imekuwa nyepesi, hakuna anayekataa. Lakini wepesi huo una bei yake, na ndiyo ninayotaka tuizungumzie leo.

Kazi ya roho

Habari za mji mdogo si ndovu na sherehe tu. Kuna ajali za barabara kuu, kesi za ardhi baina ya ndugu, na matanga yasiyokwisha. Mtu akiandika misiba ya wenziwe miaka nenda miaka rudi, roho yake huchoka. Ndiyo maana mwenzetu huyu alijitafutia uraibu, tena si mmoja bali wawili, na yote miwili haina gharama kubwa.

Wa kwanza ni mashairi. Huyatunga akisubiri kesi itajwe mahakamani au mkutano wa chifu uanze, na wewe msomaji unajua jinsi mikutano hiyo inavyochelewa. Hutunga shairi la kawaida la mishororo minne, mizani minane upande huu na minane upande ule, na huhesabu mizani kwa vidole vyake juu ya goti. Huyaandika kwa kalamu ya risasi katika daftari la hesabu, lile la miraba, kwa sababu kila silabi hupata kijumba chake na makosa huonekana mara moja.

Wa pili ni ndege. Vilima vya Taita vina hazina ambayo hata baadhi ya wakazi wake hawaifahamu. Kileleni Vuria, mahali panapopita mita 2,200 juu ya bahari, na katika misitu midogo kama Ngangao, kuna ndege ambao hawapatikani kwingine kokote duniani. Mmoja ni yule mdogo mwenye koo jeusi ambaye wataalamu humwita Taita Apalis. Mwingine ni Taita Thrush, mwenye mdomo mwekundu, ambaye hupenda kuchakura majani yaliyoanguka chini ya miti. Misitu yao imepungua hadi kubaki vipande vipande, na wao wenyewe wamehesabiwa miongoni mwa ndege walio hatarini kutoweka.

Basi mwenzetu huamka Jumamosi kukiwa bado na ukungu, akabeba kamera yake na kipande cha muhogo wa kuchemsha, akaenda kukaa chini ya mti. Siku nyingine hurudi na picha moja. Siku nyingine hurudi na matope tu. Mkewe alikuwa akimtania, "Baba watoto, hao ndege wamekulipa ngapi wiki hii?" Lakini naye aliona kwamba mumewe, akitoka msituni, huwa ni mtu mwingine.

Picha zote hizo, za miaka minane, zilikuwa mahali pamoja: ndani ya kompyuta yake.

Tik, tik, tik

Msimu mmoja wa mvua za masika, stima ilipotea jioni. Ikarudi, ikapotea, ikarudi tena, yote hayo kwa muda wa dakika chache. Ilipotulia, kompyuta haikuwaka vizuri. Ilibaki na kioo cheusi, na ndani yake ukasikika mlio mdogo: tik, tik, tik.

Kijana fundi wa mjini aliifungua, akasikiliza kama daktari anayesikiliza kifua, kisha akaizima. "Mzee, diski ndiyo mbovu," alisema. "Nikizidi kuiwasha nitaimaliza kabisa."

Kijana huyo alikuwa na busara. Diski za aina hiyo zina sahani zinazozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa kila dakika. Juu ya sahani hizo kuna kichwa kidogo cha kusomea ambacho huelea bila kuzigusa, kwa nafasi nyembamba mno kuliko unywele. Stima ikikatika ghafla tena na tena, au kompyuta ikianguka, kichwa hicho kinaweza kuharibika au kukwaruza sahani. Kila ukiiwasha tena, unaikwaruza zaidi. Wako mafundi wenye vifaa maalumu wanaoweza kujaribu kuokoa kilichomo, lakini bei aliyotajiwa mwenzetu huko Nairobi ilikuwa kubwa kuliko ya kompyuta yenyewe. Na hakuna aliyethubutu kumhakikishia kwamba picha zitapatikana.

Hivyo basi, picha za miaka minane zikaenda. Hazikwenda zote, hata hivyo. Mwalimu mkuu wa shule moja ya msingi alikuwa amemwomba picha 12 za ndege, zikachapishwa na kutundikwa darasani ili watoto wajue ni ndege gani wanaoishi jirani nao. Hizo 12 zingali ukutani hadi leo. Nayo mashairi hayakupotea hata moja, kwa maana yalikuwa katika yale madaftari ya miraba. Isitoshe, binti yake anayesoma chuoni alikuwa ameyapiga chapa yale aliyoyapenda na kuyaweka katika barua pepe yake.

Tazama ajabu hii, msomaji. Kile alichokiweka peke yake kilipotea, na kile alichowagawia wengine ndicho alichobaki nacho.

Muyaka hakuwa na kompyuta

Jambo hili si geni katika lugha yetu. Muyaka bin Haji, yule malenga wa Mombasa aliyefariki mwaka 1840, hakuacha kitabu kilichopigwa chapa. Mashairi yake yalikuwa katika vichwa vya watu. Kama yangeachwa huko, wazee wangekufa nayo mmoja mmoja. Lakini Mwalimu Sikujua bin Abdallah, mwanachuoni wa Mombasa, aliyakusanya na kuyaandika kwa herufi za Kiarabu. Mmishenari Mwingereza, W. E. Taylor, akayapata na kuyanakili. Mwaka 1940, miaka mia moja baada ya mtunzi kuzikwa, William Hichens akayatoa katika kitabu kilichochapishwa Johannesburg. Mwanafunzi wa leo anayeyasoma mashairi ya Muyaka anakula matunda ya watu waliotoa nakala.

Sasa linganisha na sisi tulio na mashine iwezayo kunakili kitabu kizima kwa nukta moja, nasi hatunakili.

Wala usiseme kwamba mambo haya ni ya Wundanyi, na kwamba wewe uko Nairobi au Nakuru. Tarehe 7 Juni mwaka 2016, tumbili mmoja alipanda juu ya paa la kituo cha umeme cha Gitaru, akaangukia transfoma, na nchi nzima ikaingia gizani kwa saa kadhaa. Tumbili mwenyewe alitoka salama. Ni insha ngapi, hesabu ngapi za duka na mashairi mangapi yaliyokuwa bado kuhifadhiwa yaliyokwenda siku hiyo, hakuna ajuaye.

Dawa yake

Dawa si ghali, bali inataka mazoea. Wapiga picha wana kanuni moja nzuri, iliyoenezwa na mpiga picha wa Marekani aitwaye Peter Krogh. Kila kitu cha thamani kiwe na nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili tofauti, na nakala moja ikae nje ya nyumba. Kwa mfano, moja iwe ndani ya kompyuta, ya pili katika diski ya kando, na ya tatu kwa dada yako Thika au katika hifadhi ya intaneti. Moto ukizuka, au mwizi akiingia na kubeba kompyuta pamoja na diski iliyo kando yake, ile ya tatu ndiyo itakayokufuta machozi.

Unapoandika, usingoje kumaliza ndipo uhifadhi. Bonyeza Ctrl na S kila ukimaliza aya moja, mpaka vidole vizoee vyenyewe. Ukiweza, nunua kile kisanduku cha betri ambacho mafundi hukiita UPS. Hakitakupa saa nyingi, ila kitakupa zile dakika chache za kuhifadhi kazi na kuzima mashine kwa heshima yake.

Flashi nayo ni msafiri mzuri lakini si ghala. Ni ndogo, hupotea mfukoni, na ikipita katika kompyuta za saiba hurudi na virusi. Kuna virusi ambavyo huyaficha mafaili yako yote na kuacha vijinjia vya mkato mahali pake, na wanafunzi wengi wamelia wakidhani kazi imefutika. Usiifute wala usiiandikie kitu kipya. Mpelekee fundi anayejua kwanza, kwa maana mara nyingi mafaili yamo, yamefichwa tu.

Picha zako za simu usidhani ziko salama kwa kuwa umezituma WhatsApp. Zikitumwa kama picha za kawaida hupunguzwa ukubwa, na siku ukitaka kuchapisha ya kutundika ukutani utaona ukungu. Zitume kama hati, au zihamishe kwa waya. Na hizo nakala zifungue mara kwa mara uone kama zinasomeka. Nakala isiyofunguka ni sawa na ghala lililoliwa na fukusi: nje limejaa, ndani ni unga.

Hatimaye, kilicho bora kabisa kichapishe au kiandike kwa mkono, ukigawe. Karatasi ina adui zake, mchwa na maji, lakini haiulizi stima wala neno la siri.

Mwenzetu wa Wundanyi hakuacha uraibu wake. Alinunua kompyuta nyingine, nayo ni kuukuu vilevile, na diski ya kando ambayo hukaa kwa yule mwalimu mkuu. Kila mwisho wa mwezi huipeleka picha mpya, na walimu huchagua mbili za kuongeza darasani. Ya miaka minane hayatarudi. Baadhi ya miti aliyokuwa akiketi chini yake imekatwa, na hawezi kupiga tena picha ya ndege juu ya tawi lisilokuwako. Jambo hilo ndilo linalomuuma kuliko bei ya mashine.

Nawe msomaji, labda huna ndege. Una sauti ya nyanya yako ukiwa umeirekodi kwenye simu akisimulia jinsi alivyoolewa. Una insha ya muhula mzima, mapishi ya mama, picha za mtoto siku aliyotembea hatua ya kwanza. Hebu hesabu: viko mahali pangapi? Ikiwa jibu ni pamoja, leo ni Jumapili, huna haraka, na saa moja yatosha. Mwite kijana wa nyumbani anayejua mambo ya kompyuta, mnunulie soda, mkae mfanye kazi hiyo pamoja.

Wahenga walisema akiba haiozi. Wao walikuwa wakizungumzia nafaka, lakini hata hao hawakuitia yote katika ghala moja.

Kwaheri hadi Jumapili ijayo.