Nafasi ya atachimenti si ya kununuliwa

Ikikaribia Mei, simu za aina moja huanza kuingia kwa wingi kwenye dawati letu la huduma kwa wateja. Mtu ametuma Sh1,500 au Sh3,000 kwa namba fulani na anataka zirudishwe. Tukimuuliza zilikuwa za nini, anasita kidogo, kisha anasema zilikuwa za kushikiliwa nafasi ya atachimenti. Wakati mwingine anayepiga si mwanafunzi mwenyewe. Ni mama yake, na pesa zilikuwa za chama.

Tunaelewa inavyokuwa. Kwa kozi nyingi, kuanzia vyuo vya ufundi hadi vyuo vikuu, bila atachimenti huhitimu. Ni wiki 12 hivi, una daftari la kujaza kila siku na mwalimu wa chuo anakuja kukukagua. Shida ni kwamba darasa zima linaachiliwa wakati mmoja, na vyuo vingine pia vinaachilia wakati huohuo, halafu kila mtu anabisha milango ileile. Umepeleka barua 15 na kote umeambiwa "tutakupigia". Zimebaki wiki mbili. Mtu akikuambia kuna nafasi moja na mkubwa anataka kitu kidogo tu, mkono unaenda kwa simu wenyewe.

Msimamo wetu ni kwamba usilipe. Na hatusemi hivyo kwa sababu ya matapeli pekee. Hata pale nafasi ni ya kweli na anayeitisha pesa kweli anafanya kazi katika hiyo ofisi, bado umepata hasara. Mahali panapouza nafasi hapana mtu anayekungojea. Hakuna aliyepanga utakaa wapi au utafundishwa na nani. Utapewa kiti karibu na mlango, utumwe chai na fotokopi, na baada ya miezi mitatu daftari lako litapigwa muhuri likiwa na sentensi moja iliyorudiwa mara 60.

Atachimenti nzuri iko tofauti kabisa. Chukua mwanafunzi wa uhasibu aliyepata nafasi katika duka la jumla la vifaa vya ujenzi. Darasani amesoma debiti na krediti mpaka amechoka. Wiki ya kwanza dukani, mteja anakuja haraka haraka, anataka mifuko 20 ya simiti, anaonyesha ujumbe kwenye simu yake kwamba ameshalipa. Ujumbe una jina la duka, kiasi na saa, kila kitu. Mwanafunzi anataka kumruhusu apakie, lakini keshia aliyekaa hapo miaka mingi anamwambia, "Mwanangu, usiangalie simu ya mteja. Angalia ya duka." Kwenye till hakuna kitu kilichoingia.

Hilo somo halina mtihani chuoni. Jioni yake anakaa na huyo keshia, wanalinganisha taarifa ya till na stakabadhi za siku, wanakuta tofauti ya Sh640, na hawaendi nyumbani mpaka ijulikane imetoka wapi. Mtu aliyefanya hivyo kwa wiki 12 akienda kwa mahojiano ya kazi ana kitu cha kusimulia. Na mwenye duka, akihitaji mtu Desemba, anajua atampigia nani.

Kwa hivyo tunaamini atachimenti ina faida. Ila haiji bure, na hapa ndipo wengi hujidanganya. Tuseme unatoka Githurai kwenda mjini, nauli Sh100 asubuhi na Sh100 jioni, na mvua ikinyesha unajua yatakayotokea. Ongeza chakula cha kibandani Sh150. Hiyo ni Sh350 kwa siku. Siku tano kwa wiki, wiki 12, umefika Sh21,000, na bado hatujahesabu shati, viatu, wala bima ya ajali ambayo waajiri wengi huitisha kabla uripoti. Serikali ilipoanzisha mpango wa intanshipu katika utumishi wa umma mwaka 2019 iliwapangia waliohitimu posho ya Sh25,000 kwa mwezi. Mwanafunzi wa atachimenti ambaye bado yuko chuoni mara nyingi hapati hata ya mandazi.

Matokeo yake tunayajua sote. Anayemaliza atachimenti bila presha ni yule ambaye kwao wanaweza kumtumia nauli kila Jumapili jioni. Mwenzake huanza kukosa Jumatatu, halafu na Ijumaa, kisha anaambiwa hana nidhamu.

Tungependa waajiri walifikirie hili bila kuzungushana. Tayari wanatozwa Sh50 kwa kila mfanyakazi kwa mwezi kwa ajili ya mafunzo ya viwandani, kwa hivyo wazo kwamba kumfundisha kijana kuna gharama si geni kwao. Nauli na chakula kwa mwanafunzi mmoja ni Sh1,750 kwa wiki kwa hesabu yetu ya juu. Inatumwa kwa simu Ijumaa mchana na inaisha hapo. Kama biashara haiwezi, imwambie mwanafunzi mapema, siku ya kwanza, ajipange.

Na wewe mwanafunzi, uliza. Si kukosa adabu kuuliza kama kuna nauli, na ni kina nani watakaokusimamia. Angalia pia karibu na nyumbani. Sisemi jina kubwa kwenye CV halisaidii, linasaidia, lakini sako ya wilayani kwenu au hospitali ya misheni ambayo unaifikia kwa miguu inaweza kukupa kazi halisi ya mikono kuliko ghorofa la Upper Hill. Halafu usiendeshe atachimenti kwa mkopo wa simu wa kila siku. Tunasema hivi tukijua tunatoa mikopo hiyo sisi wenyewe. Ada ndogo ya leo na ndogo ya kesho, kufikia wiki ya sita unalipa deni la nauli ya wiki ya kwanza.

Kuna mtego mwingine mbaya kuliko wa ada. Hapa huombwi pesa. Unaambiwa umepata intanshipu ya kufanyia nyumbani, kazi yako ni kupokea pesa za wateja kwenye laini yako, utoe asilimia fulani kama malipo, nyingine utume kwa namba utakayopewa. Hiyo si kazi. Pesa hizo mara nyingi zimeibwa kwa mtu mwingine, na laini imesajiliwa kwa kitambulisho chako. Polisi wakifuatilia, jina la kwanza watakalopata ni lako. Sheria ya mwaka 2009 kuhusu utakatishaji wa pesa haina huruma kwa kuwa ulikuwa unatafuta uzoefu. Hakuna mwajiri wa kweli anayepokea mauzo yake kwenye simu ya mwanafunzi.

Kabla ya kuweka PIN, soma jina linalotokea. Ukiambiwa unalipa kampuni na jina ni la mtu binafsi, acha. Jina la kampuni likitokea pia bado halithibitishi kitu, nenda ofisini au piga namba uliyoitafuta mwenyewe, si ile uliyotumiwa kwa WhatsApp. Tume ya Utumishi wa Umma haitozi ada kwa maombi ya intanshipu. Ofisi ya atachimenti chuoni kwenu pia inajua ni waajiri gani huchukua wanafunzi kila mwaka, na wengi huipita tu wakienda kutafuta mjomba wa rafiki.

Kama ushatuma, tupigie sasa hivi, usingoje kesho. Pesa zikiwa bado ziko kwenye akaunti ya aliyepokea tunaweza kuzizuia tukichunguza. Zikishatolewa kwa wakala, inakuwa vigumu sana. Hifadhi ujumbe wote, usifute hata ule wa salamu, na uandikishe ripoti polisi upewe namba ya OB. Usione haya kumwambia mzazi. Huenda ndiye anayefuata kupigiwa, aambiwe mtoto wake amepata nafasi.