Ukiambiwa "Sistimu Iko Dauni", Jua Shida Ilianza Kitambo

Kuna maneno matatu ambayo kila msee Kenya ashaambiwa kwa kaunta: "Sistimu iko dauni." Ukienda kuchukua stakabadhi, iko dauni. Ukimpeleka mathe hosi, iko dauni. Unarudi keja, unaingia mtandaoni, unapata watu wamewaka, na wa kulaumiwa ashapatikana: ni ule developa aliunda hiyo kitu.

Leo tuambiane ukweli. Mara nyingi huyo developa ndiye mtu wa mwisho kuulizwa. Sistimu kubwa haziharibiki siku ya uzinduzi. Zinaharibika miezi mob kabla, ndani ya ofisi, wakubwa wakiwa na chai na mandazi, wakipanga tarehe bila kuuliza kazi imefika wapi.

Cheki stori ya Marekani. Tarehe 1 Oktoba 2013, serikali ya Barack Obama ilifungua HealthCare.gov, tovuti ya raia kununua bima ya afya. Hii ni nchi ya Google na Amazon, na ganji haikuwa shida. Siku ya kwanza, watu waliofaulu kujisajili mpaka mwisho walikuwa 6. Si elfu sita. Sita. Hao hawatoshi hata kujaza Probox moja.

Ilikuwa aje? Kulikuwa na kampuni kama 55 kwa hiyo job, kila moja na kipande chake, na hakuna kampuni iliyopewa kazi ya kusimamia zingine. Ni kama kujenga nyumba na fundi wa ukuta hajawahi ongea na fundi wa milango. Siku ya kuhamia ndio unajua mlango hauingii. Makontrakta wenyewe waliambia Bunge la Marekani kwamba kujaribu sistimu yote kwa pamoja kulifanyika wiki mbili za mwisho tu. Lakini tarehe ilikuwa imetangazwa, na tarehe ya siasa huwa haisongi.

Penye stori inakuwa tamu ni vile waliiokoa. Hawakumwaga tu developa wapya elfu moja. Ikulu ilimleta Jeff Zients, msee wa kupanga kazi, na kikosi kidogo cha mainjinia, mmoja wao Mikey Dickerson kutoka Google. Kitu ya kwanza waligundua ni kwamba hakukuwa na skrini moja ya kuonyesha sehemu gani ya sistimu inafanya kazi na gani imelala. Wakaunda hiyo kwanza. Halafu QSSI, moja ya zile kampuni zilikuwa kwa job tangu mwanzo, ikapewa mamlaka ya kusimamia zingine.

Dickerson naye aliweka sheria tatu kwa mikutano. Hapa tunatatua shida, kulaumiana mtafanyia kwingine. Anayeongea ni anayejua hiyo kitu, si mwenye cheo. Na tunashughulikia kile kitatuumiza leo ama kesho, zingine zingoje. Basi. Mwisho wa Novemba tovuti ilikuwa inafanyia watu wengi kazi, na kufika Aprili 2014 zaidi ya watu milioni 8 walikuwa wamechagua bima kupitia hiyo tovuti na zile za majimbo.

Umeona? Kampuni nyingi zilikuwa zilezile. Kilichobadilika zaidi ni usimamizi.

Sasa turudi home. Tarehe 1 Oktoba 2024, miaka 11 kamili baadaye, SHA ilichukua nafasi ya NHIF, mfuko uliokuwepo tangu 1966. Hebu angalia kalenda ya hiyo mwaka. Julai, Mahakama Kuu ilisema sheria za SHA zinakiuka Katiba. Septemba, Mahakama ya Rufaa ikaruhusu ziendelee, ikiwa imebaki chini ya wiki mbili. Halafu nchi nzima ikahamishwa kutoka kitabu kimoja hadi kingine kwa usiku mmoja. Kilichofuata unakijua. Hosi zikalia sistimu inakwama, wagonjwa wakaambiwa walipe kutoka mfukoni.

Mtu akikushow hiyo ilikuwa shida ya programu, mwulize: nani alipanga hiyo ratiba?

Halafu kuna ile maneno ya pesa. Machi 2025, ripoti ya Mkaguzi Mkuu Nancy Gathungu ilifika kwa umma. Sistimu ni ya shilingi bilioni 104.8 kwa miaka 10, iliyopewa muungano wa kampuni tatu: Safaricom, Apeiro na Konvergenz. Ripoti ilisema kandarasi haikupitia zabuni ya ushindani, na kubwa zaidi, kwamba serikali si mwenye sistimu. Serikali ilijitetea kwamba haikulipa pesa yote mbele, kwamba wawekezaji wanarudishiwa pole pole kupitia ada. Sawa, hiyo inajibu swali la nani ametoa mtaji. Haijibu swali la nani mwenye mali.

Na hilo swali ni lako kabisa. Kama umeajiriwa, 2.75% ya mshahara wako inaenda huko kila mwezi kabla hujaishika. Kama uko juakali, chini kabisa ni 300 kwa mwezi. Fikiria dere wa boda anayelipia pikipiki miaka 10 na logibuku iko kwa jina la mwingine. Ikiharibika, hawezi amua fundi gani aiguse. Akichoka na huyo mwenye logibuku, anaanza na miguu. Hapo ndio kusimamia mradi wa programu kunaacha kuwa maneno ya wasee wa IT na kunakuwa maneno ya mfuko wako.

Usiniambie Kenya hatuwezi. M-Pesa haikuzinduliwa nchi nzima kwa siku moja. Mwaka wa 2005 ilijaribiwa kwanza Nairobi na Thika, na wateja wasiozidi 500 hivi, kama njia ya kulipa mikopo midogo. Waliokuwa wanaisimamia wakaangalia watu wanafanya nini nayo, wakapata wanatumiana pesa wenyewe kwa wenyewe. Wakageuza mpango mzima kufuata hiyo. Ikafunguliwa rasmi Machi 2007, na mengine ni historia. Yaani masomo haya hayatoki mbali. Safaricom ile ile ndio ilitufundisha kuanza kidogo.

Mimi campus niliiacha njiani, kwa hivyo sitakuletea maneno ya darasani. Lakini hii haihitaji digrii. Kila serikali ikitangaza sistimu mpya, na zitakuja zingine, kuna maswali manne ya kuuliza kabla ya kupiga makofi. Imejaribiwa wapi kwanza, na watu wangapi? Nani mmoja ana nguvu ya kusema "bado haiko tayari" na asikizwe? Ikianguka, mgonjwa anahudumiwa aje hiyo siku? Na kandarasi ikiisha, funguo zinabaki na nani?

Na wewe developa wa mtaa, unayepiga kazi usiku na bando ya mkopo, hayo maswali yanakuhusu pia. Kasitoma akikuletea apu ya duka lake, usianze kabla hujajua nani anaamua, kipande gani kidogo kitafanya kazi kwanza, na nani atamiliki akaunti na programu mkimalizana. Andikianeni, hata kama ni kwa WhatsApp. Akikupa dedlaini isiyowezekana, mwambie mapema, si usiku wa mwisho. Ukinyamaza, hiyo siku ikiharibika, jina litakalotajwa kwa kaunta ni lako.