Ramani Inapokosea Kimya: Kinanie na Kazi Inayomsubiri Mwanafunzi wa Kiswahili

Wapo wanaoshikilia kuwa Kiswahili hakina shughuli yoyote katika programu za kuchorea ramani. Hoja yao ni kwamba fani hiyo ni ya wapimaji wa ardhi na wanajiografia, ambao wameisoma kwa Kiingereza toka mwanzo hadi mwisho. Wengine, wakereketwa wenzetu hawa, huona kwamba wajibu wetu ni kutafsiri vitufe na menyu, kisha tukapeana pongezi. Nakinzana na pande zote mbili. Programu hizi zinapomkwaza mtumiaji, aghalabu hazimkwazi kwa kuwa hakulielewa jina la kitufe. Humkwaza kwa kuwa hakuna aliyemweleza, kwa lugha anayofikiria kwayo, ni jambo gani ambalo programu imelichukulia kuwa kweli kwa niaba yake. Maelezo hayo ndiyo yaliyoadimika, na kuyaandika ni kazi ya mtu wa lugha kama ilivyo kazi ya mpimaji.

Tuitazame Kinanie. Hii ni wadi katika eneo bunge la Mavoko, Kaunti ya Machakos, mashariki mwa mji wa Athi River. Nyanda hizi zilikuwa za malisho. Leo mabango ya ploti yamesimama palipolisha ng'ombe, na serikali imetenga sehemu kwa ajili ya viwanda vya ngozi. Ploti inayouzwa sana ni ile ya futi 50 kwa 100, takriban mita 15 kwa 30. Mnunuzi huonyeshwa vigingi, hupewa nakala ya ramani, na siku hizi huenda akapewa pia namba mbili za kutia katika simu ili imwongoze hadi shambani. Mwezi wa Oktoba 2023, katika eneobunge hilihili la Mavoko, nyumba za watu zilibomolewa kwenye ardhi ambayo mahakama iliamua kuwa ni mali ya kampuni ya saruji ya East African Portland. Mgogoro ule ulikuwa wa umiliki, wala haukuwa wa vipimo, na sitaki kuuchanganya na mada yangu. Nautaja ili msomaji akumbuke kwamba katika nyanda hizi swali la "ardhi yangu iko wapi hasa?" haliulizwi kwa mzaha.

Programu ninayoikusudia ni QGIS. Ilianzishwa mwaka 2002 na Gary Sherman, na ni programu huria: yeyote anaruhusiwa kuitumia, kuichunguza na kuisambaza bila malipo. Kwa nchi ambayo leseni za programu za kibiashara huwashinda hata baadhi ya waajiri, huo si ukarimu mdogo. Hata hivyo, QGIS ina tabia moja ya mtumishi mtiifu kupita kiasi. Hutenda inachoambiwa hata kama kilichosemwa hakina maana, na mara nyingi haimwonyi bwana wake.

Makosa mengine huonekana papo hapo. Kinanie iko takriban nyuzi moja na nusu kusini mwa ikweta, na nyuzi 37 na kidogo mashariki. Namba hizi mbili wanafunzi wa hisabati nchini Tanzania huziita majira ya nukta, istilahi nzuri ambayo sisi wa Kenya tumeiacha tukakumbatia "koordinati". Mtumiaji akisahau alama ya kutoa mbele ya latitudo, Kinanie itahamia Samburu. Akizipishanisha namba zenyewe, latitudo ikakaa mahali pa longitudo, Kinanie itazama katika Bahari ya Mediterania, kusini-mashariki mwa Uhispania. Na anayetumia mita, akachagua kanda ya 37 kaskazini badala ya 37 kusini, atawapeleka wakazi wa Kinanie karibu na Ncha ya Kaskazini. Sababu ni kwamba katika kanda za kusini ikweta hupewa mita milioni 10, na hesabu hupungua kadiri unavyoshuka, ilhali katika kanda za kaskazini ikweta ni sifuri. Makosa haya yanachekesha, na yana heri, kwa maana hakuna atakayemuuzia mtu ploti baharini.

Linalonitia hofu ni kosa lisilochekesha. Ramani za zamani za Kenya za skeli ya 1:50,000, ambazo bado hutumiwa na wengi, zilijengwa juu ya msingi wa vipimo uitwao Arc 1960. Setilaiti zinazoongoza simu zetu hutumia msingi mwingine, WGS 84. Misingi hii ni kama fundi wawili wanaopima chumba kimoja, kila mmoja akianzia kona yake: wote wanapima sawa, lakini namba zao hazilingani. Mtu akichukua namba za Arc 1960 kutoka kwenye ramani ya karatasi, akaiambia programu kuwa ni za WGS 84, kila kitu cha Kinanie kitasogea kaskazini kwa takriban mita 300 na magharibi kwa karibu mita 90. Hakuna bahari wala theluji ya kumzindua. Barabara bado ni barabara, mto bado ni mto, na jina la Kinanie liko palepale kwenye kioo. Katika ramani ya karatasi mita 300 ni milimita 6 tu. Ardhini ni upana wa ploti 20.

Namna ya kuligundua kosa hili inaweza kuelezwa kwa Kiswahili chepesi kabisa. Tafuta kitu kisichohama na kinachoonekana wazi katika picha ya setilaiti: makutano ya barabara, daraja, kivuko cha reli. Kilinganishe na kitu hichohicho katika tabaka lako. Rudia katika pembe tatu au nne za ramani. Iwapo vyote vimesogea upande mmoja kwa kiasi kilekile, hitilafu ni ya msingi wa vipimo. Iwapo hiki kimesogea huku na kile kule, basi hitilafu ni ya kuipachika ramani ya karatasi, na hakuna budi kuipachika upya.

Tiba nayo imewaponza wengi. Ndani ya QGIS kuna amri mbili zinazofanana kama mapacha. Ya kwanza hutaja tu kwamba tabaka hili ni la mfumo fulani, bila kugusa namba hata moja. Ya pili huzigeuza namba zenyewe kutoka mfumo mmoja hadi mwingine na kutoa faili jipya. Mtumiaji aliyekwama hukimbilia ile ya kwanza akidhani anatumia ya pili, na kila anapoirudia tabaka linazidi kupotea. Utaratibu ufaao ni kuurudisha utambulisho wa asili, ambao kwa ramani za Kinanie za Arc 1960 ni msimbo 21037, na baada ya hapo tu kuligeuza tabaka hadi msimbo 32737 wa WGS 84. Kiswahili kinazo "kutaja" na "kugeuza", vitenzi ambavyo hata mtoto havichanganyi. Lakini atakayetafsiri menyu neno kwa neno bila kujua programu inafanya nini ataandika "weka mfumo" na "hifadhi tabaka", na mtumiaji atabaki gizani vilevile, ila sasa giza litakuwa la Kiswahili.

Upimaji wa eneo una mtego wake. Ekari moja ni takriban mita za mraba 4,047. Katika tabaka lililohifadhiwa kwa nyuzi, kikokotoo cha QGIS kinaweza kujibu kuwa ekari hiyo ni 0.00000033, kwa kuwa kimehesabu nyuzi za mraba. Ajabu ni kwamba fomula nyingine katika kikokotoo kilekile hujibu kwa mita bila tatizo, maana huzingatia umbo la dunia lililowekwa katika mradi. Asiyeelezwa tofauti hiyo ataamini kuwa programu imeharibika.

Kuna pia mikasa ya majina, ambayo ni ya kwetu kabisa. Tume ya uchaguzi huandika Kinanie; lile eneo la viwanda vya ngozi huandikwa Kenanie. Kwa msomaji hayo ni matamshi mawili ya jina moja. Kwa programu inayounganisha jedwali na ramani ni sehemu mbili zisizojuana, na safu itabaki tupu bila onyo. Maandishi ya Kikamba hutumia ĩ na ũ, na faili likifunguliwa kwa usimbaji usio wake, herufi hizo hugeuka vinyago. Dawa ni kuiambia programu kuwa faili ni la UTF-8. Hata Kiswahili chenyewe kinanaswa. Faili za muundo wa kale wa shapefile hazikubali jina la safu lizidi herufi 10, kwa hiyo "idadi_ya_watu" na "idadi_ya_wanafunzi" zote hukatwa zikawa "idadi_ya_w". Waliobuni kikomo hicho hawakuwa na lugha yetu akilini. Muundo mpya wa GeoPackage umeliondoa tatizo hili na lile la kutuma faili la .shp peke yake huku wenzake wakisahauliwa katika kompyuta ya mtumaji.

Nimesema kazi hii ni yetu, na sina maana ya ukarani wa istilahi. Sarufi ya Kiswahili inatofautisha jambo ambalo programu zenyewe hulififiza. Mahali petu ni patatu: pa- ya mahali dhahiri, ku- ya mahali pasipobainika, na m- ya ndani. Nukta kwenye ramani hujidai kuwa pa-: "ploti yako ipo hapa." Ikiwa msingi wa vipimo haujulikani, nukta hiyo kwa haki ni ku-: "iko huku." Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012 nayo inasema hivyohivyo kwa namna yake. Kifungu cha 18 kinaeleza kwamba, isipokuwa pale mipaka ilipothibitishwa rasmi na kuandikwa hivyo katika daftari, ramani huonyesha mipaka ya kukadiria tu. Mnunuzi wa Kinanie anayeonyeshwa simu na kuambiwa "ni hapa" anapewa pa- wakati sheria na vipimo vinamhakikishia ku-. Sijui kitabu cha mafunzo cha Kiingereza ambacho kingemweleza hilo kwa silabi moja.

Tusidai kuwa haiwezekani. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili mwaka 2004. Vijana wa Kibera walijichorea mtaa wao mwaka 2009, wakati ramani za wazi zilikuwa zimeuacha kama pengo. Ramani Huria ilianza Dar es Salaam mwaka 2015, na humo wanafunzi wa vyuo na wakazi wa mitaa walichora pamoja maeneo yanayokumbwa na mafuriko. Hao wa mwisho hata jina walilichagua kwa Kiswahili, na halikuwazuia kufanya kazi ya kitaalamu.

Kwa hiyo napendekeza kwamba vyama vyetu, badala ya kongamano jingine la kulalamikia hadhi ya lugha, viketi na wanafunzi wa upimaji wa ardhi na kuandika kurasa za hitilafu, ukurasa mmoja kwa kila hitilafu. Katiba ya mwaka 2010 imekwisha kukifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi. Hatuhitaji ruhusa nyingine. Ukurasa wa kwanza ungeweza kusomeka hivi: "Je, ramani yako ya karatasi na picha ya setilaiti zimepishana kwa mita 300 hivi, kote kwa upande mmoja? Usiisogeze kwa mkono. Soma maandishi ya pembeni mwa ramani. Yakitaja Arc 1960, tambulisha tabaka kwa msimbo 21037, kisha uligeuze. Mpaka ufanye hivyo, usimwonyeshe mtu yeyote ploti kwa kutumia ramani hii." Mpimaji aukague, mwalimu wa sarufi aukague, na upelekwe Kinanie ukajaribiwe na mtu mwenye ramani na simu.